Gombo lirukalo na ile “kama” ya Zekaria 6:15: maono ya usiku yasomwe vipi?

Swali hili limetoka kwa msomaji anayeongoza kikundi cha kujifunza Biblia. Wana wiki nane za kitabu cha Zekaria, wameshatumia tano, na wamekwama sura ya 5. Mwanakikundi mmoja anasema gombo lirukalo (gombo ni maandishi ya kukunjwa) ni ndege ya kivita, mwingine anasema ni satelaiti, na wa tatu ameshikilia kwamba mwanamke aliye ndani ya efa, chombo cha kupimia nafaka, ni dhehebu fulani la siku zetu. Walipochungulia mbele wakakutana na 6:15: haya yatatokea “kama mkijitahidi kuitii sauti ya Bwana, Mungu wenu”. Anauliza: tafsiri sahihi inajulikanaje? Na je, ahadi zote za maono haya zina masharti?

Ndugu yangu, maswali yako mawili yana mzizi mmoja. Kikundi kinapapasa maana ya gombo kwa sababu kimeliondoa ono mahali pake, kati ya wito wa kumrudia Mungu ulio sura ya 1 na agizo la haki lililo sura ya 7 na 8. Ukilirudisha hapo, ndege na satelaiti zinakosa pa kutua. Na hiyo “kama” ya 6:15 haitakushtua tena, maana utakuwa umeshaisikia mara mbili kabla ya kufika huko.

Anza na tarehe. Zekaria ni kati ya manabii wachache wanaotupa siku kamili. Maono yote manane yanafuata tarehe moja: siku ya 24 ya mwezi wa 11, Shebati, mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi (1:7). Kwa kalenda yetu hiyo ni Februari 15, 519 K.K. Sasa fungua Hagai 1:15 uone kazi ya hekalu ilianza tena lini: siku ya 24 ya mwezi wa 6, mwaka uleule. Kwa hiyo maono yamekuja miezi mitano kamili baada ya watu kushika tena zana. Hekalu la kwanza lilikuwa limeteketezwa na Wababeli mwaka 587 au 586 K.K., na ndiyo maana malaika wa Bwana analia katika 1:12 juu ya miaka sabini ya ghadhabu. Waliorudi ni wachache, ni maskini, hawana mfalme, nao wako chini ya Uajemi. Dario mwenyewe alikuwa ametoka tu kuzima maasi yaliyolipuka pande nyingi za milki yake alipotwaa kiti mwaka 522 K.K., Babeli ikiwemo, ushindi aliouchonga kwenye mwamba wa Behistun, katika Irani ya leo.

Ukiwa na hayo, ono la kwanza linafunguka. Wapanda farasi waliotumwa kuzunguka duniani wanarudi na taarifa kwamba dunia yote imetulia, iko kimya (1:11). Msomaji wa haraka hudhani ni habari njema. Kwa Yerusalemu ni habari chungu: madola yamestarehe, na mji wa Mungu bado ni kifusi. Ndiyo maana mstari unaofuata ni kilio, na jibu la Mungu ni kwamba amewakasirikia sana mataifa wanaostarehe (1:15). Taarifa ileile, kwa mtu asiyejua mwaka, inageuka kuwa picha ya amani.

Tarehe ikishawekwa, fuata mazungumzo. Maono ya Zekaria yamejengwa kwa mpango unaojirudia: nabii anaona, anauliza, na yule “malaika aliyesema nami” anajibu. Anauliza juu ya farasi (1:9), juu ya pembe nne (1:19), juu ya mizeituni miwili (4:11, na tena 4:12 kwa sababu hakuridhika), juu ya efa (5:6), juu ya magari ya farasi (6:4). Waambie wanakikundi wachukue penseli, wapigie mstari kila swali la nabii na kila jibu la malaika. Kilichojibiwa ndicho kinachobeba ono. Kisichojibiwa kipo ili picha ikamilike, na mwalimu hana ruhusa ya kukijengea fundisho. Tahadhari moja: katika Biblia ya Kiebrania pembe nne zinaanzia sura ya 2, hivyo ukitumia toleo au kitabu kinachofuata hesabu hiyo, namba za mistari zitapishana kidogo hadi mwisho wa sura ya 2.

Rangi za farasi ndizo zinazopoteza watu wengi. Sura ya 1 inataja rangi tatu, sura ya 6 nne, na malaika haelezi hata moja. Katika 6:6-7 farasi wekundu hawapangiwi hata upande wa kwenda. Mtu akikuambia mwekundu ni vita na mweusi ni njaa, ameyatoa Ufunuo 6, kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka mia tano baadaye. Yohana amechukua picha za Zekaria na kuzipa kazi yake. Wasikilizaji wa Zekaria hawakuwa na Ufunuo mkononi. Kilichoelezwa katika sura ya 6 ni uelekeo: waliokwenda nchi ya kaskazini wameituliza roho ya Mungu huko (6:8). Ukitazama ramani Babeli iko mashariki, lakini jangwa liko katikati, na majeshi na misafara iliingia Yuda kwa barabara ya kaskazini. Mkazi wa Yerusalemu aliposikia “kaskazini” alifikiri habari ya Babeli.

Sasa tuingie sura ya 5 penyewe, maana hapa ndipo mlipokwama na hapa ndipo penye utajiri.

Gombo lina mikono ishirini kwa kumi. Mkono mmoja ni kama sentimita 45, kwa hiyo tunazungumzia mita 9 kwa mita 4.5. Gombo la kawaida lilikuwa refu na jembamba. Lile gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, lina urefu wa mita 7.3 hivi, na kimo chake ni sentimita 26 tu. La Zekaria basi lina kimo cha nyumba, limekunjuliwa, limeandikwa pande zote mbili. Halifichi kitu, na mtu aliye chini hawezi kusema hakuliona. Wafafanuzi wengi hukumbusha kwamba vipimo hivyo ni vya ukumbi wa mbele wa hekalu la Sulemani (1 Wafalme 6:3). Yawezekana kabisa kuna uhusiano. Ila malaika hakuutaja, kwa hiyo utaje ukipenda kisha uuache.

Alichokitaja malaika ni hiki: hii ni laana itokayo juu ya uso wa nchi yote, nayo inawaandama watu wawili, mwizi na yule aapaye kwa uongo kwa jina la Mungu. Mbona hao wawili tu kati ya amri zote? Fungua Kutoka 22:10-11 na Walawi 6:1-5. Ukimwachia jirani yako mnyama au mali, mali ikapotea, na shahidi hakuna, kesi ilimalizwa kwa kiapo: jirani anaapa mbele za Bwana kwamba hakuigusa, na mwenye mali anakubali. Mfumo wote ulisimama juu ya hofu ya kiapo. Mtu asiye na hofu hiyo anaiba, anaapa, na sheria inamsafisha. Mwizi na mwapaji wa uongo basi mara nyingi ni mtu mmoja, na mahakama ya kijiji haina namna ya kumpata. Fikiria watu wanarudi baada ya miongo kadhaa na kukuta mashamba ya baba zao yana wenyeji wengine, wapo wenye kumbukumbu na wapo wenye maneno matupu. Mazingira hayo yalikuwa shamba zuri la viapo vya uongo.

Ndiyo sababu gombo linaruka. Kesi imemshinda mwanadamu, hivyo neno la agano linakwenda lenyewe bila askari wala shahidi, linaingia ndani ya nyumba ya mtu, linalala humo, na linaila pamoja na boriti zake na mawe yake (5:4). Linganisha na Walawi 14:45, nyumba yenye pigo la ukoma inavyobomolewa mawe na miti. Uongo wa mtu huyo umehesabiwa kama pigo lililoingia ukutani. Na wasikilizaji hawa walikuwa wamekemewa na Hagai miezi michache tu nyuma kwa kukaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Mungu ikiwa magofu (Hagai 1:4). Neno “boriti” halikupita masikioni mwao bure.

Kwa hiyo ndugu anayesema ndege ya kivita, usimzomee wala usigombane naye. Mwombe aonyeshe katika ono lake yuko wapi mwizi, kiko wapi kiapo, na kwa nini kitu hicho kinalala ndani ya nyumba ya mtu mmoja na kuiacha ya jirani. Tafsiri isiyoweza kumpa mwizi nafasi yake imeliacha andiko.

Ono la efa lifundishwe kikao kilekile, kwa sababu linaendeleza shauri hilohilo. Efa ni kipimo cha nafaka. Makadirio ya kawaida ni lita 22 hivi, kupita kidogo debe letu la lita 20, ingawa wapo wanaokipandisha zaidi. Mtu mzima hawezi kukaa humo, na mwanafunzi atakayeuliza hilo anauliza vizuri: mwambie kwamba katika maono vipimo vya kawaida havilazimishwi, na kwamba ubano huo ndio unaoeleza habari. Uovu umepewa sura ya mwanamke, ukasukumwa ndani ya kipimo cha sokoni, ukafunikwa kwa kifuniko cha risasi. Kwa nini kipimo cha sokoni? Kwa sababu manabii na torati walishakitaja kama chombo cha dhambi ya kila siku. Amosi 8:5 inawasema wanaoipunguza efa na kuiongeza shekeli, na Walawi 19:36 inaagiza efa ya haki. Gombo limemshughulikia mtu mmojammoja nyumbani kwake. Efa inashughulikia udanganyifu ambao umeshakuwa desturi ya biashara, ambao hauondoki kwa kumfukuza muuzaji mmoja.

Uovu huo unapelekwa Shinari, yaani nchi ya Babeli (Mwanzo 11:2 na Danieli 1:2), na huko utajengewa nyumba na kuwekwa mahali pake. Hapa rudi 2:6-7, ambako watu waliobaki Babeli wanaamriwa wakimbie watoke. Watu wanatoka kule, uovu unapelekwa kulekule. Anayebaki Babeli kwa hiari atakuwa jirani yake, na anayerudi Yerusalemu na debe la kupunja amebeba kitu ambacho Mungu ameshaagiza kiondolewe. Wanawake wawili wanaoibeba efa wana mabawa kama ya korongo (5:9), na korongo yumo katika orodha ya ndege wasio safi (Walawi 11:19), jambo ambalo huenda lina uzito, lakini malaika kanyamaza. Kuhusu dhehebu la siku zetu, hakuna hata neno moja la kulishikia. Zaidi ya hilo, tafsiri hiyo ina kasoro ya kiroho ambayo unapaswa kuisema waziwazi: inamtoa msikilizaji kwenye ono. Wayahudi wa Yerusalemu hawakuambiwa uovu wa watu wengine. Waliambiwa kilicho ndani ya vipimo vyao.

Sasa masharti. Yapo maneno katika kitabu hiki yasiyo na “kama” yoyote. “Nimeurudia Yerusalemu kwa rehema, nyumba yangu itajengwa ndani yake” ni tangazo (1:16). Mikono ya Zerubabeli, liwali wa Yuda, imeweka msingi na mikono hiyohiyo itamaliza (4:9). Uovu wa nchi utaondolewa kwa siku moja (3:9). Halafu yapo matatu yenye sharti: “nirudieni mimi, nami nitawarudia ninyi” (1:3), neno kwa Yoshua, kuhani mkuu (3:7), na hilo la 6:15 linalowasumbua.

Lile la Yoshua ndilo ufunguo wa mengine, kwa hiyo lisomwe polepole. Kuhani mkuu amesimama akiwa na nguo chafu, Shetani yuko kuumeni pake kumshitaki. Ono hili ni tofauti na mengine saba: nabii hamwulizi malaika kitu, na yule malaika wa kufafanua hatajwi, maana shauri linaamuliwa mbele ya macho yake. Angalia mfuatano wa matendo. Kwanza mshitaki anakemewa (3:2). Pili nguo chafu zinavuliwa na Yoshua anaambiwa kwamba uovu wake umeondolewa (3:4). Tatu anavikwa mavazi safi na kilemba (3:5). Baada ya hayo yote ndipo anaposikia kwamba akienda katika njia za Mungu na kushika maagizo yake, ataisimamia nyumba ya Mungu na kuzilinda nyua zake. Hakuambiwa atii ili asafishwe. Alisafishwa kwanza, kisha utumishi wake ukafungwa kwenye utii. Wanaofundisha sura hii kwa kuanzia mstari wa 7 huwatwika watu mzigo ambao ono halikuutwika, na wanaoishia mstari wa 5 huwaacha wamevaa vizuri bila kazi.

Beba mpangilio huo hadi 6:15. Maneno ya sharti pale ni yaleyale yanayofungua baraka za Kumbukumbu la Torati 28:1, kuisikia sauti ya Bwana kwa bidii. Wasikilizaji waliyajua tangu utoto, na walijua sura hiyohiyo inavyoendelea na laana kuanzia mstari wa 15. Nani anayeambiwa? Ni “ninyi”, watu wote, siyo Zerubabeli wala Yoshua. Na ni lini? Mara baada ya kitendo cha wazi: fedha na dhahabu za watu waliotoka Babeli zimechukuliwa nyumbani kwa Yosia mwana wa Sefania, taji zimetengenezwa, Yoshua amevikwa, na imeahidiwa kwamba walio mbali watakuja kusaidia ujenzi. Kwa maoni yangu sharti hapa haliulizi kama Mungu atatimiza kusudi lake; 1:16 na 4:9 zimekwisha lijibu hilo. Linauliza kama kizazi hiki kitakuwamo ndani ya jambo hilo au kitalitazama kwa mbali kama baba zao, ambao 1:4-6 inawaonyesha wakikataa kusikia mpaka maneno ya Mungu yakawapata. Wapo wasomi wanaolichukua sharti hili kuwa zito zaidi, kwamba utimizo wenyewe unaweza kucheleweshwa na uasi. Andiko linaruhusu usomaji huo, na kikundi kiruhusiwe kuujadili.

Utii wenyewe ni upi? Kitabu hakikuachi ukisie. Desemba 518 K.K., karibu miaka miwili baada ya maono, wajumbe wanakuja na swali la ibada: tuendelee kufunga na kulia katika mwezi wa 5, mwezi ambao hekalu liliteketezwa? Ni swali la heshima. Jibu linaanza kwa kuwauliza walikuwa wakifunga kwa ajili ya nani (7:5), kisha linaingia moja kwa moja kwenye hukumu za kweli, rehema na huruma, na kutomdhulumu mjane, yatima, mgeni wala maskini (7:9-10). Swali la saumu linajibiwa kikamilifu mwishoni kabisa, 8:19, ambapo saumu za mwezi wa 4, wa 5, wa 7 na wa 10, zote za kukumbuka kuzingirwa na kuanguka kwa Yerusalemu na yaliyofuata, zitageuka kuwa sikukuu. Katikati yake zimewekwa amri za 8:16-17: semeni kweli kila mtu na jirani yake, hukumuni haki malangoni, msiwaziane mabaya, msipende kiapo cha uongo. Umekiona kiapo cha uongo? Ni gombo la sura ya 5 limerudi, safari hii kwa lugha ya amri bila picha.

Yaliyofuata katika historia yanasaidia. Hekalu lilimalizika siku ya 3 ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario (Ezra 6:15), yaani Machi 515 K.K. Tangazo lisilo na “kama” lilitimia. Lakini miaka 70 baadaye, Nehemia 5 inawakuta Wayahudi wakiwatoza ndugu zao riba na kuwachukua watoto wao kuwa watumwa. Nehemia anawaapisha mbele ya makuhani, kisha anakung’uta nguo yake na kusema Mungu amkung’ute hivyo, kutoka nyumbani mwake, kila asiyetimiza kiapo hicho (5:12-13). Mali ya jirani, kiapo, na nyumba ya mtu: mambo matatu ya gombo, katika mkutano halisi. Naye Malaki 3:5-7 anawataja tena waapao uongo, kisha anarudia karibu neno kwa neno wito wa Zekaria 1:3.

Kwa wiki tatu zilizobaki, msigawe ono moja kwa kikao. Wiki ya 6 chukueni sura ya 5 nzima, pamoja na Kutoka 22:10-11 na Walawi 6:1-5 zikisomwa kwa sauti kabla ya kufungua Zekaria. Wiki ya 7 someni 1:1-6, kisha sura ya 3, kisha 6:9-15, na kila mtu aandike kwenye karatasi nani amefanya nini kabla ya kila “kama”. Wiki ya 8 iwe sura ya 7 na 8, na kila amri ya 8:16-17 itafutiwe ono linaloitangulia. Kwa kiapo mtapata haraka, kwa kuwaziana mabaya itabidi mjadiliane. Wanaotaka kuendelea na sura ya 9 hadi 14 wapangiwe mfululizo mwingine, maana huko tarehe hazipo, Dario hatajwi tena, na malaika wa kufafanua ameshaondoka, kwa hiyo njia hii ya penseli haitawatosha.